Umeme mdogo kambini: pima kwanza, ndipo ufunge boosta

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukaipita Magu na kuanza kuikaribia Lamadi, ziwa linajitokeza mkono wa kushoto, na huko ufukweni kuna kambi ninazozihudumia kama fundi umeme. Wageni wake wengi huja na kampavani, yale magari yenye kitanda, jiko na friji ndani. Wengine wametoka Serengeti kwa geti la Ndabaka. Wengine wameingia kutoka Rwanda kwa Rusumo, wakapitia Geita, na tangu 2025 wanavuka daraja la Kigongo–Busisi badala ya kupanga foleni ya kivuko. Wakifika wanauliza mambo matatu: maji, choo na umeme. Maji na choo mwenye kambi anajibu mwenyewe. La umeme ndilo linalofanya nipigiwe simu saa mbili usiku.

Simu hizo hufanana. "Fundi, samahani kwa usumbufu. Taa zinawaka, ila friji ya mgeni inalia tik, inanyamaza, baada ya muda inalia tik tena." Umeme upo, lakini ni mdogo. Kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, inapata moto, kinga yake inakata. Ikipoa inajaribu upya. Ukiiacha hivyo usiku kucha, asubuhi unaweza kuwa na friji iliyoungua na mgeni aliyekasirika.

Ushauri ambao kila mtu anao mdomoni ni "nunua boosta". Mara nyingine ni ushauri mzuri, lakini mara nyingi mno ni ushauri unaokuja kabla ya kipimo, na boosta iliyofungwa kabla ya kipimo inaweza kuchoma kambi. Ninaandika hili kwa wenye kambi na nyumba za wageni kuanzia Luchelele hadi Lamadi, na kwa wasafiri wenyewe, kwa sababu nimeona waya ukiyeyuka chini ya mchanga.

Boosta inafanya nini hasa

Kwanza tuelewane kwa majina. Mtaani tunasema boosta kwa transfoma inayoongeza kiasi kilekile muda wote, na stabilaiza kwa ile inayojirekebisha yenyewe kadiri volti zinavyopanda na kushuka. Ndani yake, nyingi ni kitu kimoja: koili moja ya shaba iliyozungushwa kwenye chuma, yenye sehemu kadhaa za kutolea umeme. Ukichomeka chini kidogo na kutolea juu kidogo, volti zinapanda. Kwa kuwa koili ni moja, nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya kuingia na ya kutoka ni ileile. Hakuna utengano kati ya mgeni na nguzo ya TANESCO. Kumbuka hilo, tutalirudia kwenye ethi, ule waya unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi wa dukani hawalisemi. Transfoma haitengenezi umeme. Volti inazokuongezea zinalipiwa kwa ampea upande wa kuingia. Chukua birika la wati 2,000. Hizo wati 2,000 ni pale volti zikiwa 230. Kwenye soketi yenye volti 192, birika lilelile linatoa kama wati 1,400 na kuvuta ampea 7.3. Ukiweka boosta ya asilimia 10, birika linapata volti 211 na wati karibu 1,700, maji yanachemka mapema. Lakini waya unaotoka mapokezi hadi kwenye nguzo ya ufukweni, ile yenye soketi ambako mgeni anachomeka gari lake, sasa unabeba ampea 8.8. Mzigo wa waya umeongezeka kwa asilimia 21. Ukiwa na waya mwembamba au kiungo kilicholegea, umekiongezea moto hapohapo. Na jirani aliyechomeka kwenye waya uleule ataona volti zake zimeshuka zaidi, naye atatafuta boosta yake.

Hii ndiyo sababu hatua zangu nne za mwanzo hazina boosta ndani yake.

Hatua ya kwanza: pima bila mzigo, kwa siku kadhaa

Unahitaji multimita inayosoma volti za AC. Ya bei ya kawaida inatosha, ilimradi nyaya zake za kupimia hazijachubuka. Ukiweza, ongeza klampu mita ya kusomea ampea bila kukata waya. Kama hujazoea kushika vitu hivi, mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Soketi unaweza kuipima mwenyewe. Kisanduku cha breka kilichofunguliwa si cha kujifunzia.

Pima mara nne kwa siku: alfajiri saa kumi na moja, mchana saa saba, usiku saa mbili, na usiku saa sita. Fanya hivyo kwa siku tatu hadi saba, uandike kwenye daftari. Usiku wa saa moja hadi saa nne ndio wakati kila nyumba imewasha taa, televisheni na jiko la umeme, na kwa wanaoishi mwisho wa laini ndipo volti zinapoinama. Kipimo cha saa nne asubuhi peke yake kitakudanganya kabisa.

Pima sehemu mbili kwa wakati mmoja au zinazokaribiana: kwenye kisanduku cha breka karibu na mita ya Luku, na kwenye soketi ya nguzo ya mgeni. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuambia tatizo ni la nani.

Hatua ya pili: pima ukiwa umeweka mzigo

Soketi isiyo na mzigo inaweza kusoma volti 225 kwa furaha, ukichomeka birika ikaanguka hadi 195. Kwa hiyo birika la wati 2,000 ni kifaa changu cha kazi, naenda nalo kila mahali. Lijaze maji, lichomeke kwenye nguzo ya mbali kuliko zote, liwashe, soma volti papo hapo. Kisha kimbia (au mtume kijana mwenye mita ya pili) ukasome kwenye kisanduku cha breka birika likiwa bado linachemka.

Ikiwa kwenye kisanduku volti zimebaki pale zilipokuwa na kwenye nguzo zimeshuka kwa volti 4 au 5, waya wako ni mzima. Zikishuka kwa volti 12 na zaidi, waya ni mwembamba, ni mrefu kupita kiasi, au kuna kiungo kibovu njiani. Ikiwa kwenye kisanduku nako zimeanguka sana kwa birika moja tu, tatizo liko kwenye waya unaotoka nguzo ya barabarani hadi kwako au kwenye laini yenyewe. Hilo ni la TANESCO.

Kuna alama moja nakuomba uijue kwa moyo. Ukiwasha birika na taa za upande mwingine wa kambi zikawaka zaidi, au volti kwenye soketi nyingine zikapanda badala ya kushuka, nyutro imelegea. Kwenye umeme wa njia tatu (fezi tatu) nyutro ikiachia kabisa, baadhi ya soketi zinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Hapo hakuna boosta wala stabilaiza. Zima meni swichi, chomoa vitu vya wageni, piga simu. Nimeona televisheni tatu na friji zikifa ndani ya dakika moja kwa nyutro iliyoota kutu.

Hatua ya tatu: rekebisha waya kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo pesa nyingi inaokolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kambi nyingi za ufukweni zimejengwa hivi: mapokezi yako juu karibu na barabara, mita ya Luku iko hapo, na nguzo za wageni ziko chini kabisa majini kwa sababu kila mgeni anataka kuamka akiona ziwa. Kati yake kuna mita 60, 70, hata 100. Aliyejenga alivuta waya wa milimita mbili na nusu, uleule wa soketi za nyumbani, kwa kuwa ndio uliokuwepo dukani.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa waya wa shaba wa milimita mbili na nusu, kila ampea moja kwa kila mita moja inakula volti 0.018, kwenda na kurudi. Kampavani mbili zikivuta ampea 8 kila moja, jumla 16, kwa umbali wa mita 70, unapoteza volti 20. Mapokezi yakiwa na 218, ufukweni kuna 198. Badilisha uwe waya wa milimita sita, upotevu unashuka hadi volti 8. Milimita kumi, volti 5. Waya ule wa ekstensheni nyembamba ya milimita moja na nusu, ambao wageni wanaununua njiani, unakula volti 0.029 kwa kila ampea na mita. Mita 50 za ekstensheni hiyo kwa ampea 10 ni volti 14 na nusu zimepotea bure, zimegeuka joto. Na kama umeiacha imezungushwa kwenye gurudumu lake, joto hilo halina pa kutokea. Ifungue yote, kila siku, hata kama gari liko hatua tano kutoka kwenye soketi.

Waya wa milimita sita kwa mita 70 una bei, najua. Lakini unaulipia mara moja, hauna relei (swichi ndogo zinazojiwasha na kujizima ndani ya stabilaiza) wala brashi za kubadilisha, na haumnyang'anyi jirani volti.

Baada ya waya, fungua kila kiungo. Unyevunyevu wa ziwa unakula shaba na bati kwa namna ambayo mtu wa Shinyanga hataiamini. Kiungo cha kusokota na kufunga selotepu, kikafukiwa mchangani, hakifai hata siku moja. Tumia sanduku la viungo lisiloingiza maji, lililoinuliwa kutoka ardhini, na skrubu zilizokazwa. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kambi moja, nikakuta volti 190 ufukweni, nikafunga boosta siku hiyohiyo kwa sababu mwenye kambi alikuwa na wageni. Volti zilipanda, wageni wakafurahi, nikaondoka. Siku ya tatu mchanga ulianza kutoa moshi. Kulikuwa na kiungo kilichofukiwa katikati ya njia, nami sikukitafuta. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo sifungi boosta mahali ambapo sijapima kwa birika.

Kama kambi ina umeme wa njia tatu, angalia pia nguzo zote za wageni hazijarundikwa kwenye njia moja. Nimekuta jiko, pampu ya maji na nguzo sita za wageni kwenye waya mmoja mwekundu, huku njia ya manjano ikiwa na taa za bustani tu. Kuzigawa ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na volti 11 zilirudi.

Hatua ya nne: kama ni la TANESCO, lipeleke na ushahidi

Ukipima kwenye kisanduku huku umezima kila kitu chako, na bado saa mbili usiku kuna volti 195, kosa si lako. Peleka lile daftari ofisini: tarehe, saa, namba. Fundi wa shirika akiona vipimo vya siku saba anajua pa kuanzia. Anaweza kukaza viungo juu ya nguzo, kuhamisha wateja kutoka njia moja kwenda nyingine, au kubadili hatua ya volti kwenye transfoma ya mtaa, ambayo kwa kawaida ina nafasi chache za kupandisha au kushusha kwa asilimia 2.5 kila moja. Wewe usiguse chochote kilicho kabla ya mita.

Inaweza kuchukua muda, na katika muda huo ndipo boosta inapata nafasi yake halali.

Hatua ya tano: jua nani anaihitaji na nani haihitaji

Soma kibandiko cha kila kifaa. Chaja za simu na kompyuta, na televisheni nyingi za kisasa, zimeandikwa 100–240. Hizo hazihitaji boosta, volti 180 ni chakula chao cha kawaida. Taa nyingi za LED nazo hazijali. Birika, pasi na jiko la koili vitafanya kazi polepole, lakini haviharibiki kwa volti ndogo. Mwambie mgeni asubiri chai dakika tatu zaidi.

Wanaoumia ni wenye mota: friji na friza za kompresa, pampu ya maji, kiyoyozi. Nguvu ya mota ya kuanzia inapungua kwa mraba wa volti. Kwenye volti 180 badala ya 230 imebaki asilimia 61 tu, ndiyo maana kompresa inalia tik. Kwa hiyo mara nyingi huhitaji kupandisha volti za kambi nzima. Stabilaiza ndogo kwa friza ya sato na vinywaji, nyingine kwa pampu, basi.

Tahadhari moja ya dukani: kile kifaa cha kulinda friji, wengi wanakiita friji gadi, hakipandishi volti. Kinakata tu zikiwa chini au juu mno, na kuchelewesha kurudisha. Ni kizuri, mimi nakipenda, lakini usikinunue ukitarajia friji itawaka.

Hatua ya sita: chagua aina na ukubwa

Boosta ya kuongeza kiasi kilekile muda wote siipendekezi kwa kambi. Saa mbili usiku una 192, inakupa 211, vizuri. Saa tisa usiku watu wamelala, laini imepanda hadi 238, nayo bado inaongeza asilimia 10: volti 262 zinaingia kwenye gari la mgeni aliyelala. Chukua stabilaiza inayojirekebisha, yenye kukata yenyewe volti zikizidi, na yenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano umeme ukirudi, ili kompresa ipate kupumua.

Za relei zinabadili kwa hatua, unasikia zikigonga, bei yake ni nafuu na zinafaa friji. Za mota ndogo inayosogeza brashi ya kaboni zinarekebisha taratibu na kwa usahihi zaidi, ila brashi inalika na inahitaji kusafishwa. Kwa nguzo za wageni nachagua hii ya pili.

Ukubwa: jumlisha wati za vitu vitakavyowaka pamoja, na kwa kila kitu chenye mota zidisha kwa tatu kwa ajili ya kuanza. Friza ya wati 200 ihesabu 600. Kisha soma kwa makini maandishi ya kiwango cha kuingia. Stabilaiza nyingi zilizoandikwa 5 kVA (takriban wati 5,000) zinatoa hizo 5 volti za kuingia zikiwa karibu na kawaida. Zikishuka hadi 150, zinaweza kutoa nusu tu. Kama muuzaji hana jedwali hilo, nunua kubwa mara mbili ya hesabu yako, au nenda duka jingine.

Halafu kuna breka iliyo nyuma yako. Nguzo yenye breka ya ampea 16 na volti 170 inaweza kukupa wati 2,720, hata ukiiwekea stabilaiza ya ukubwa wa kabati. Breka ikikata kila mara, mgeni anatumia vitu vingi mno. Kuweka breka kubwa kwenye waya uleule ni kutafuta moto.

Mgeni mwenye gari la Marekani

Huyu umtenge. Kambi za Marekani zina nguzo za volti 120, za ampea 30 au 50. Ile ya 30 ni wati 3,600 tu, na siku za joto kila gari likiwasha kiyoyozi volti zinashuka, ndiyo maana wasafiri wa huko hubeba transfoma zao za kupandisha, kwa kawaida asilimia 10. Mgeni akikuonyesha moja na kusema anayo tayari, mzuie. Imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 yetu itaungua na gari pamoja nayo. Yeye anahitaji transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 120, yenye ukubwa wa kutosha. Na hata akiwa nayo, umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na wao ni 60, mota zake zitapata joto zaidi ya kawaida. Mshauri atumie chaja ya betri tu na aache kiyoyozi.

Wageni wa Ulaya na wa Afrika Kusini hawana shida hiyo. Plagi yao mara nyingi ni ile ya bluu ya viwandani, pini tatu za duara, ampea 16. Weka soketi za aina hiyo kwenye nguzo zako. Plagi zetu za pini za mraba za ampea 13 zikivutwa kwa nguvu usiku kucha zinageuka rangi ya kahawia.

Hatua ya saba: kufunga

Stabilaiza ya nguzo ikae ndani ya kibanda au sanduku lenye paa na matundu ya hewa, nusu mita juu ya ardhi, si chini ya gari na si kwenye nyasi. Mbele yake weka breka inayolingana na waya, na kinga ya mshtuko ya miliampea 30, ile tunayoiita RCD. Nilisema mwanzoni kwamba koili ni moja na nyutro ni ileile: stabilaiza haikukingi na mshtuko hata kidogo. Mtu aliyetoka kuogelea, miguu mitupu, akishika mlango wa gari la chuma lenye hitilafu, kinachomwokoa ni ethi na RCD. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi.

Ethi ya Mwanza ina shida yake. Mji wa miamba ni mzuri kwa picha, lakini fimbo ya ethi haiingii kwenye jiwe. Nimekuta fimbo zilizokatwa kwa msumeno zikabakizwa futi moja, juu limebaki bati la kuonyesha. Tafuta mahali penye udongo wa kina, mara nyingi chini karibu na maji ambako unyevunyevu unasaidia, piga fimbo mbili au tatu zilizoachana, ziunganishe kwa waya wa shaba, kisha zipimwe kwa kipimo cha ethi. Kuangalia kwa macho hakutoshi.

Hakikisha pia laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro hazijabadilishana kwenye soketi. Kwa transfoma ya koili moja, kosa hilo linaacha upande wote wa nyutro wa gari ukiwa na umeme.

Hatua ya nane: mgeni anapofika

Zima breka ya nguzo. Mwombe mgeni azime kila kitu garini, friji pamoja nayo. Chomeka ekstensheni iliyofunguliwa yote. Washa breka, subiri stabilaiza imalize kuchelewa kwake, soma volti za kutoka: ukiona kati ya 215 na 235, endelea. Kisha awashe kimoja kimoja, friji kwanza, na kati ya kimoja na kingine usome tena. Baada ya robo saa gusa plagi kwa nyuma ya kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa inakufanya uondoe mkono, zima.

Mwambie wazi: friji na birika haviwashwi pamoja na kiyoyozi. Nimeandika hivyo kwenye vibao vya nguzo kwa Kiswahili na Kiingereza, na simu za saa mbili usiku zimepungua.

Volti za kuingia zikishuka chini ya 170 huku stabilaiza ikigonga bila kutulia, mwache mgeni atumie gesi au betri yake hadi saa nne. Friza yenu ya jikoni ifungwe, isifunguliwe, itahimili saa hizo. Na umeme ukikatika kabisa mkawasha jenereta ndogo, iondoe stabilaiza kwenye njia. Jenereta inayoyumba mwendo inaifanya relei igonge mpaka ichoke. Rekebisha mwendo wa jenereta badala yake.

Utunzaji

Kila miezi mitatu, umeme ukiwa umezimwa na plagi imechomolewa, fungua kifuniko. Kwetu adui si vumbi peke yake. Wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi hufuata taa usiku, wanaingia kwa matundu ya hewa, wanakufa kwa maelfu juu ya koili na kuziba hewa. Nyuma yao wanafuata mijusi wanaokuja kuwala, na mjusi mmoja katikati ya relei anatosha kuizima. Weka wavu laini wa chuma kwenye matundu, na taa ya kibanda iwe mbali na stabilaiza. Piga brashi kavu, usitumie maji wala mafuta. Angalia brashi ya kaboni kama imebaki fupi, kaza skrubu zote za nyaya, tafuta rangi ya kahawia kwenye plastiki. Ukiiona rangi hiyo mahali popote, rudi hatua ya pili na birika.